Stesheni za Kale za Reli

Nyumba njema si mlango, wasema wahenga. Na stesheni njema si paa lake tu. Leo twapenda kuwaeleza ninyi wasikilizaji wetu wa Bariadi jinsi stesheni za zamani zilivyojengwa, na kwa sababu gani. Bariadi haikupata reli katika siku zile. Wenyeji wake waliitazamia stesheni ya Malampaka, huko Maswa, katika njia itokayo Tabora kwenda Mwanza.

Njia ya katikati ilianzwa na Wadachi huko Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Baadaye Waingereza walijenga tawi la Tabora, likafika Mwanza mwaka 1928.

Reli ilikuwa moja tu, na magari mawili ya moshi hayawezi kupishana ila penye njia ya pili. Tena mitambo ya mvuke ilikunywa maji mengi. Basi kila baada ya mwendo fulani palitakiwa mahali pa kupishana, tangi la maji, na mtu wa kupeleka habari kwa simu. Hivyo stesheni nyingi zilisimama porini, na mji ukaja kuzifuata.

Stesheni ndogo ilikuwa na ofisi, dirisha la tikiti, ghala la mizigo na baraza. Kuta nene zilizuia joto, na baraza pana ilikinga jua na mvua. Lakini Kigoma Wadachi walijenga jumba la ghorofa lenye matao. Jumba kama hilo halikuwa la kuuzia tikiti tu. Lilitangaza pia nguvu za watawala.

Ndani yake cheo kilionekana. Wenye tikiti za daraja la juu waliwekewa vyumba vya kungojea; Waafrika wengi, abiria wa daraja la tatu, walikaa barazani au chini ya miti pamoja na mizigo yao. Na ni Waafrika hao, Wanyamwezi wengi miongoni mwao, waliochimba udongo na kubeba mataruma. Majina yao hayakuandikwa ukutani.

Kwa hiyo, ninyi wanafunzi, mkipita Malampaka, msitazame mawe tu. Waulizeni wazee ni nani aliyejenga na ni nani aliyengoja nje, mkaandike majibu yao. Jengo laweza kutengenezwa tena likibomoka. Habari ya mzee aliyekufa hairudi.