Seva ya muziki nyumbani: Kwa nini hutoweka, na jinsi ya kuifanya ipatikane

MTU aliyetumia miezi kadhaa kunakili kaseti za marehemu babake kwenye tarakilishi ana hazina asiyoweza kuipata katika huduma za muziki zinazolipiwa kila mwezi. Nyimbo za harusi zilizonaswa ukumbini, benga ambazo santuri zake hazikuchapishwa tena, taarabu iliyorekodiwa kutoka redioni usiku wa manane: yote hayo hukaa katika tarakilishi moja sebuleni. Njia ya kuyasikiliza ukiwa jikoni, chumbani au hata safarini ni kuigeuza tarakilishi hiyo kuwa seva ya muziki, yaani mashine inayohifadhi nyimbo na kuzituma kwa vifaa vingine vinapoziomba.

Programu za kazi hiyo hupatikana bila malipo. Mojawapo ya kongwe zaidi ilibuniwa na kampuni ya Slim Devices ya Marekani, ikaitwa SlimServer, ili kukihudumia kifaa kilichoingia sokoni mwaka 2001. Kampuni ya Logitech iliinunua Slim Devices mwaka 2006, na mwaka 2012 ikasitisha vifaa vyake vya Squeezebox. Programu yenyewe haikufa kwa kuwa msimbo wake uko wazi kwa umma. Tangu mwaka 2024 inajulikana kama Lyrion Music Server. Mwaka huo huo, tovuti iliyokuwa ikiviunganisha vifaa vya Squeezebox na intaneti ilifungwa. Walioitegemea tovuti hiyo pekee walibaki na redio zisizolia, ilhali waliokuwa na seva nyumbani waliendelea kuburudika.

Hata hivyo, mwenye seva yake ndiye fundi wake. Lalama inayosikika mara nyingi ni kwamba seva ilifanya kazi vyema jana lakini leo haionekani. Wengi hukimbilia kuifuta programu na kuiweka upya, na kwa kawaida huo ni muda uliopotea bure, maana programu haina kasoro. La muhimu ni kubaini mawasiliano yanakatikia wapi, kuanzia ndani kuelekea nje.

Kwanza, keti mbele ya tarakilishi yenyewe, fungua kivinjari na uandike http://localhost:9000. Neno localhost humaanisha mashine hii hii, nayo 9000 ni nambari ya lango ambalo Lyrion hulitumia kupokea wageni. Jellyfin hutumia 8096 na Navidrome 4533. Ukurasa ukifunguka, seva iko hai. Usipofunguka, huenda programu haijaanza, au programu nyingine imelitwaa lango hilo. Iwapo ukurasa unafunguka lakini nyimbo hazipo, chunguza diski ya nje: Windows inaweza kuibadilishia herufi, iliyokuwa E ikawa F, na seva ikazidi kuzitafuta nyimbo katika E isiyokuwepo.

Pili, chukua rununu iliyounganishwa na WiFi ya nyumbani na uandike anwani ya tarakilishi hiyo ikifuatwa na lango, kwa mfano 192.168.1.20:9000. Anwani hiyo utaiona kwa kufungua dirisha la amri katika Windows na kuandika ipconfig. Hapa ndipo penye matatizo mengi.

Ruta ya nyumbani huzigawa anwani kwa mkopo wa muda, kama mwenye gesti anavyogawa vyumba. Leo tarakilishi inapewa 20. Ikizimwa siku kadhaa na kuwashwa tena, huenda ikakuta 20 imechukuliwa na televisheni, nayo ikapewa 27. Rununu inaendelea kubisha hodi chumba nambari 20. Dawa yake ni kuingia katika ukurasa wa mipangilio ya ruta na kuihifadhia tarakilishi hiyo anwani moja ya kudumu. Ruta huitambua mashine kwa anwani ya kadi yake ya mtandao, yenye tarakimu na herufi 12. Kumbuka kwamba kadi ya WiFi na ile ya waya zina anwani tofauti, hivyo anayehamia kwenye waya sharti aihifadhi upya. Vilevile, Windows ina uwezo wa kutumia anwani za kubahatisha katika WiFi kwa ajili ya faragha. Uwezo huo uzimwe kwa mtandao wa nyumbani, la sivyo ruta itadhani kila mara inamwona mgeni. Kwa maoni ya mwandishi, seva ifungwe waya tu na mjadala uishe.

Iwapo anwani ni sahihi na bado mlango umefungwa, angalia namna Windows inavyouchukulia mtandao wako. Ukiwa umetiwa katika kundi la mitandao ya umma, kama ule wa mkahawani, kinga ya mawasiliano ya Windows huwazuia wageni wote wanaotoka nje. Ubadilishe uwe wa kibinafsi, kisha uiruhusu programu ya seva. Usiizime kinga yote kwa sababu ya nyimbo. Aidha, hakikisha kwamba rununu haiko katika WiFi ya wageni, ambayo ruta nyingi huitenga makusudi na vifaa vya nyumbani.

Mshukiwa mwingine ni usingizi. Tarakilishi isipoguswa kwa muda hulala, na iliyolala haijibu. Katika mipangilio ya umeme, ruhusu skrini izime lakini mashine isilale. Kwa kipakatalishi, amua pia kitakachotokea kifuniko kikifungwa. Stima inapopotea na kurudi, tarakilishi nyingi za mezani hubaki zimezimwa hadi mtu abonyeze kitufe, ila katika mipangilio ya msingi ya mashine, ile inayofunguliwa kabla ya Windows kuanza, mara nyingi kuna chaguo la kuifanya iwake yenyewe. Programu nayo iwekwe ianze pamoja na mashine, bila kusubiri mtu aingize nywila.

Gharama isisahaulike. Tarakilishi inayotumia wati 60 usiku na mchana humaliza takriban yuniti 43 za umeme kwa mwezi wa siku 30. Tarakilishi ndogo ya aina ya Raspberry Pi, ikitumia wati 5, humaliza yuniti 3.6 pekee, na huiendesha Lyrion bila taabu.

Jaribio la tatu ni la kutoka nje. Zima WiFi katika rununu, utumie data. Anwani inayoanza kwa 192.168 haitakufaa, kwani ni miongoni mwa zile zilizotengwa kwa mitandao ya ndani na hazitambuliki kwingineko. Anwani za mfumo wa zamani wa intaneti ni takriban bilioni 4.3 tu. Hifadhi kuu ya dunia ilikwisha mwaka 2011, na tangu mwaka 2017 AFRINIC, shirika linalozigawa barani Afrika, limekuwa likizigawa kwa mgao mkali. Ndiyo maana kampuni nyingi za intaneti, hasa za simu, huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja.

Ili kujua kama wewe ni mmoja wao, soma anwani ya nje iliyoandikwa katika ukurasa wa ruta, kisha uilinganishe na ile inayoonyeshwa na tovuti za kutambua anwani. Zikitofautiana, au ya ruta ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, unashiriki anwani na majirani. Katika hali hiyo, kufungua lango katika ruta hakutasaidia chochote, hata ukikesha.

Na hata mwenye anwani yake peke yake asilifungue lango la 9000 kwa ulimwengu mzima. Kuna mashine zinazozunguka intaneti mchana kutwa zikijaribu kila anwani. Lyrion haikubuniwa kukabiliana nazo: anayeufikia ukurasa wake anaweza kubadilisha mipangilio, na nywila yake, ukiiweka, husafiri bila kufichwa. Hatari huongezeka kwa tarakilishi zinazotumia Windows 10, ambayo muda wake wa kawaida wa kuhudumiwa ulimalizika Oktoba 14, 2025. Pia, kuwasambazia umma nyimbo za wasanii bila idhini ni kukiuka Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001.

Njia salama ni VPN, yaani njia ya siri inayopita ndani ya intaneti na kuifanya rununu ijione iko nyumbani. WireGuard, iliyoingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2020, hutambua vifaa kwa funguo badala ya nywila na haiwajibu kabisa wasio na ufunguo. Inahitaji lango moja pekee katika ruta. Kwa walio nyuma ya anwani ya pamoja, kuna huduma kama Tailscale, ambayo imejengwa juu ya WireGuard: tarakilishi na rununu zote hupiga simu kwenda nje na kukutanishwa huko, bila lango lolote kufunguliwa. Ni kweli kwamba hapo unarudi kumtegemea mwenye kampuni, lakini ikifungwa kesho, muziki utaendelea kulia nyumbani.

Ukiwa safarini, data ndiyo itakayokubana. Wimbo wa MP3 wa kilobiti 320 kwa sekunde hutumia takriban megabaiti 144 kwa saa. Wa kilobiti 128, takriban 58. Nyimbo zilizohifadhiwa kwa ubora wa CD huhitaji zaidi ya hapo, hivyo iagize seva izipunguze kabla ya kuzituma. Kasi inayohesabika ni ile ya kupakia kutoka nyumbani, ambayo mara nyingi ni ndogo kuliko ya kupakua.

Diski nayo hufa bila kuaga. Weka nakala ya pili katika diski nyingine, ikiwezekana nyumba nyingine, na uifungue mara moja moja kuona kama inasomeka. Kaseti zenyewe zisitupwe hata baada ya kunakiliwa. Zihifadhiwe mahali pakavu, mbali na spika, kwa sababu sumaku huweza kuufuta utepe.