Msimbazi na Mji Wake

Litaje neno Msimbazi kwenye kijiwe chochote cha Dar es Salaam, watu watakuuliza mechi ni lini. Klabu ya soka ya Simba, iliyozaliwa 1936, ina makao yake Mtaa wa Msimbazi. Watani wao Yanga, wa 1935, ni watoto wa Jangwani, uwanda uleule unaomezwa na maji kila masika. Klabu mbili kubwa za nchi zinatamba kwa majina ya bonde la Mto Msimbazi, usiofika hata kilomita 40.

Mto wenyewe huanzia vilima vya Pugu, alikofundisha Mwalimu Nyerere kabla ya kuacha chaki 1955. Huteremka Gongo la Mboto, ukapokea maji ya Sinza, Luhanga na Ubungo, kisha ukaingia baharini kwenye mikoko ya Daraja la Selander. Wazaramo walilima bondeni kabla Sultani Majid wa Zanzibar hajajenga kasri lake miaka ya 1860, na kabla Wajerumani hawajahamishia makao makuu ya koloni lao hapa kutoka Bagamoyo, 1891. Bonde lilikuwa nje ya mji. Mwaka 1957 wakazi wa mji hawakufika 130,000. Sensa ya 2022 ilihesabu 5,383,728.

Mpaka leo bonde linalisha mji. Alfajiri mkulima anashuka mtoni na keni mbili, anamwagilia matuta ya mchicha; wiki tatu au nne baadaye mafungu yako sokoni. Hatua chache pembeni, wengine wanapakia mchanga wa kujengea. Maji hayohayo yamekwisha kupita kwenye viwanda na vyoo vya jiji, na mlaji haulizi.

Desemba 2011 mto ulifurika, ukaua watu takriban 40, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Hilo halikuzuia karakana ya mabasi ya mwendokasi kujengwa Jangwani! Mabasi yakaanza safari 2016, na mvua kubwa ikinyesha Barabara ya Morogoro hufungwa palepale.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya bonde, likiwamo daraja la juu Jangwani. Ni jambo jema. Lakini tope linaloziba mto huku chini linatoka mlimani, kulikokatwa miti ya mkaa. Wahandisi wa Jangwani waanzie Pugu.