Waya wa kulisha umeme wa bwawa la kuogelea

Waya wa kulisha umeme wa bwawa la kuogelea ni kebo inayotoka kwenye bodi kuu ya nyumba hadi bodi ndogo iliyo karibu na bwawa, ambako pampu na taa hupata umeme wake. Mkoani Mara mabwawa ya aina hiyo huonekana zaidi kwenye hoteli na loji kuliko majumbani, lakini kanuni ni zilezile kwa mkazi wa Musoma anayevuta maji ya Ziwa Viktoria kwa pampu ili kumwagilia bustani.

Unene wa waya

Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni volti 230, hezi 50. Fundi hutazama ampia zinazotakiwa na umbali. Umbali ndio husahaulika mara nyingi. Pampu yenye nguvu ya kilowati 1.5 huvuta takriban ampia 11. Kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 wenye urefu wa mita 40, hupotea volti 8 hivi, yaani asilimia 3.4. Bwawa likiwa mita 80 kutoka nyumbani, hupotea karibu volti 16, asilimia 7, ilhali kiwango kinachopendekezwa kimataifa kwa mashine ni asilimia 5 kwa jumla. Hapo waya wa milimita 6 unafaa, kwani hupoteza volti 6.4 tu. Pampu inayopungukiwa volti hupata moto na kuungua mapema, na mwenye nyumba humlaumu aliyemuuzia pampu.

Kebo ya kufukiwa iwe na kinga ya nyuzi za chuma, au ipitishwe ndani ya bomba. Waya wa kawaida wa ndani ya nyumba haufai kufukiwa hivihivi.

Ethi na kinga ya mshtuko

Hapa ndipo maisha ya watu yalipo, kwa kuwa mwili uliolowa hupitisha umeme kwa urahisi. Sehemu nyingi za Musoma na Butiama zina miamba, na fimbo ya ethi haishuki vizuri. Tuseme ukinzani wake ni omu 50: umeme ukivuja kwenye mwili wa pampu, ampia zisizozidi 4.6 ndizo zitakazopita ardhini. Saketi breka ya ampia 32 haitashtuka kabisa, na pampu itabaki na umeme ikimsubiri mtu aiguse. Kwa sababu hiyo saketi zote za bwawa huwekewa kifaa ambacho mafundi hukiita RCD, kinachokata umeme uvujaji ukifika miliampia 30. Kina kitufe cha kukijaribu, nacho kibonyezwe mara kwa mara.

Ngazi za chuma, nondo za zege na mabomba ya chuma huunganishwa pamoja kwa waya wa shaba ili visitofautiane volti. Taa za ndani ya maji hutumia volti 12 kutoka transfoma maalumu, ambayo hukaa mbali na ukingo wa bwawa. Katika bodi ndogo, nyutro na ethi haviunganishwi.

Usimamizi

Kazi hiyo hufanywa na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia sekta hiyo kwa Sheria ya Umeme ya mwaka 2008. TANESCO huishia kwenye mita. Kebo inayokwenda bwawani ni ya mwenye nyumba.