Ubora wa maisha ya watoto baada ya upasuaji wa mafindofindo
Ni upimaji wa jinsi mtoto anavyolala, anavyopumua, anavyokula na kucheza baada ya kuondolewa mafindofindo (tonsili). Dodoso mashuhuri, OSA-18, lilichapishwa Marekani mwaka 2000. Lina maswali 18 kuhusu wiki 4 zilizopita, kila moja likipewa alama 1 hadi 7. Jumla ikizidi 80, athari kwa maisha ya mtoto ni kubwa. Hujazwa kabla ya upasuaji na tena miezi kadhaa baadaye. Anayejibu ni mzazi, na sehemu moja inahusu wasiwasi wake mwenyewe. Huo ndio udhaifu wa dodoso hili: mama aliyeanza kupata usingizi huenda akaona kila kitu kimepona. Utafiti wa Marekani wa 2013, wenye watoto 464, ulionyesha kwamba upasuaji uliboresha tabia, dalili na ubora wa maisha, lakini si umakini uliopimwa kwa mtihani.

Nchini Burundi, vikwazo ni gharama na lugha. Nchi hiyo ilifuta malipo ya matibabu kwa watoto wa chini ya miaka 5 mwaka 2006; mtoto wa miaka 6 anayekoroma hanufaiki na msamaha huo. Jijini Bujumbura dodoso la Kifaransa halitoshi: wazazi wengi huzungumza Kirundi, na mtaani Buyenzi, Kiswahili.