Mjane Aliyeachwa Ghafla

Katika 2 Wafalme 4, mmoja wa wana wa manabii alifariki akaacha deni, na mwenye kudai akaja kuchukua watoto wake wawili. Alimcha Mungu, lakini mkewe aliachiwa mzigo.

Karibu na sisi, wakili S.M. Otieno wa Nairobi alifariki ghafla Desemba 20, 1986. Mjane wake Wambui na ukoo wakavutana mahakamani kuhusu mahali pa kumzika, mashahidi wakibishana juu ya aliyoyasema kwa mdomo. Alizikwa Mei 1987, ukoo ukiwa umeshinda.

Hilo lilikuwa kaburi tu. Je, mali? Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika 1981, inamtambua mjane. Lakini ataulizwa cheti cha kifo na barua ya chifu. Kwa ndugu zetu wa Tanzania, ataulizwa muhtasari wa kikao cha ukoo ndipo mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Na watoto wanataka kula leo!

Basi baba, leo jioni kaa na mama. Mwonyeshe akaunti, madeni, na hati ya shamba ilipo. Andikeni. Imani haizuii kalamu. Amina.