Kukifundisha kiendelezi cha kivinjari Kiswahili

Kiendelezi ni programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari kama Chrome au Firefox. Kisiposema Kiswahili, mzee wetu hubonyeza kitufe asijue amekubali nini.

Dawa yake ni nyepesi. Maneno yote huondolewa ndani ya msimbo na kuwekwa kwenye folda iitwayo _locales. Humo kila lugha ina folda yake, en ya Kiingereza na sw ya Kiswahili, yenye faili la messages.json. Faili la manifest.json hutaja lugha ya msingi kupitia default_locale. Ujumbe usiotafsiriwa huchukuliwa huko.

Angalizo: tafsiri sentensi nzima, si neno mojamoja. “New” ya Kiingereza kwetu ni ukurasa mpya, kitufe kipya, faili jipya. Msimbo haujui ngeli; mwenye lugha ndiye ajuaye.