Apraksia ya Usemi na Jina Lake kwa Kiswahili

Neno apraksia asili yake ni Kiyunani, na aliyelifafanua mwanzoni mwa karne ya 20 ni tabibu Mjerumani Hugo Liepmann: mtu ana nguvu za viungo, anafahamu atakiwalo kutenda, wala nia haimpungui, lakini viungo havifuati taratibu. Hitilafu hiyo ikiwa katika kupanga mwendo wa midomo, ulimi na taya, huitwa apraksia ya usemi.

Kiswahili kinalo neno kigugumizi, kinalo kithembe, kinalo na ububu, wala hakuna hata moja litoshalo. Mwenye kithembe hukosea herufi ile ile kila siku; mwenye apraksia ya usemi leo atasema “tibaku”, kesho “kabu”, na mara nyingine, bila ya kutarajiwa, “kitabu” kamili. Mtoto aliyezoea kuamkia wakubwa hutoa “shikamoo” safi mgeni aingiapo, lakini mwambie, “Hebu sema shikamoo,” utamwona midomo ikitafuta mahali pa kuanzia, ikifunguka na kufumba, na sauti haitoki. Kwani la mazoea hujiendea lenyewe, na la kukusudia hudai mpango. Kwa hiyo mimi naliridhia jina “ugumu wa kuratibu matamshi”, na apraksia waachiwe matabibu.

Mintarafu ya wenye sindromu ya Down, aliyoieleza John Langdon Down mwaka 1866, na ambayo Jérôme Lejeune na wenziwe waliijulisha mwaka 1959 kuwa yatokana na kromosomu ya 21 iliyozidi, ugumu huu wa kuratibu matamshi ulifichika kwa muda mrefu. Misuli yao ni milegevu, kinywa chao ni kidogo, masikio yao aghalabu hujaa majimaji. Basi lawama zote zikatupiwa ulimi, maskini, au akili, ilhali wengi wao hufahamu mengi kuliko wawezayo kuyatamka. Mwaka 2006 Libby Kumin wa Marekani alichapisha uchunguzi wa wazazi, ikadhihirika kuwa ni wachache walioambiwa habari ya apraksia, ingawa dalili zake zilikuwa kwa watoto wengi.

Tofauti hii, baina ya ulegevu wa misuli na ugumu wa kuratibu matamshi, si ya kamusi tu. Kupuliza mapovu na kunyoosha ulimi hakumfundishi mtoto mpango wa neno. Hufaa neno lenyewe, fupi kwanza, litamkwe polepole mbele ya uso wake, likaririwe mara nyingi, na pale linapokataa kutoka, aruhusiwe kulionyesha kwa mkono.